Acheni Kukicheka Kiingereza cha Mpira

Kuna kebehi moja ambayo wasomi wetu huitoa huku wakitabasamu: "Kiingereza anacho, ila ni cha mpira." Ikishatamkwa hiyo, mazungumzo yamekwisha. Kijana aliyekuwa akijieleza ananyamaza, walio pembeni wanacheka, na aliyekebehi anajiona amelinda heshima ya lugha ambayo hata si ya mama yake.

Katika ngazi zetu za dharau, Kiingereza cha mpira kiko hatua moja tu juu ya Kiingereza cha kuombea maji. Kinachukuliwa kuwa makombo yaliyookotwa chini ya meza ya watangazaji wa Ligi Kuu ya England: "offside", "corner", "what a goal", basi. Mwenye nacho anaonekana mtu aliyeshindwa shule. Mwenye Kiingereza cha darasani, hata kama hawezi kuagiza chai kwa lugha hiyo bila kutokwa jasho, anaonekana amesoma.

Mimi nasema jambo hili tumeligeuza miguu juu. Kwa vijana wengi wa nchi hii, Kiingereza cha mpira ndicho pekee walichowahi kukitumia kwa hiari yao, bila mtihani mbele wala fimbo nyuma. Na kilichowafundisha si mpira wenyewe. Ni ubishi. Lugha hunasa pale mtu anapokuwa na jambo la kubishania. Shule zetu ziliondoa jambo zikabakiza lugha tupu, kisha zikaanza kulalamika kwamba watoto hawashiki.

Ingia kibanda umiza chochote Jumamosi jioni, Manzese au Mbagala, Mwanjelwa au Igoma. Mabenchi ya mbao, feni inayosogeza joto kutoka kona moja kwenda nyingine, king'amuzi kimoja, na watu wamebanana kama dagaa. Kiingilio mia tano, mechi kubwa buku. Mtangazaji anamwaga ung'eng'e kwa kasi ambayo hakuna mwalimu wa sekondari angeithubutu. Hakuna anayetafsiri, na hakuna aliyeomba tafsiri.

Tazama kinachotokea. Mpira unagonga nguzo ya goli, kibanda kizima kinashika kichwa, na sekunde hiyohiyo sauti inasema "off the post". Maana imetangulia, neno limefuata na kukuta kiti chake kimeshawekwa. Darasani ni kinyume. Neno linaandikwa ubaoni kwanza, linaelezwa kwa maneno mengine ya Kiingereza ambayo nayo hayajulikani, kisha linanakiliwa kwenye daftari likafie humo.

Halafu kuna kurudia. Ligi ile huchezwa kuanzia Agosti hadi Mei, kila timu mechi 38. Msimu ukiisha, msikilizaji wa kawaida amelisikia "clean sheet" mara nyingi kuliko msamiati wowote aliokaririshwa kwa ajili ya mtihani, na kila mara amelisikia likiwa na sura ya kipa fulani, jioni fulani, furaha au hasira fulani.

Lakini kusikia ni nusu ya somo. Nusu ya pili huanza kipenga cha mwisho kikishapulizwa, nje, kwenye kijiwe cha bodaboda. Mmoja anasema wamefungwa "against the run of play". Mwenzake anamrukia: "Run of play ipi? Mmebanwa tangu dakika ya kwanza!" Hapo hakuna aliyeuliza maana ya msemo wala kusahihisha matamshi. Lakini huwezi kumpinga mtu kwa msemo usiouelewa. Ubishi ule ni mtihani wa ufahamu, na umesahihishwa papo hapo na watu ishirini.

Na una kina kuliko wanavyodhani wanaoupita na suti zao. Tangu VAR iingie Ligi Kuu ya England msimu wa 2019/20, vijiwe vyetu vimekuwa mahakama za lugha. Utaratibu unataka mwamuzi wa video aingilie pale kosa linapokuwa "clear and obvious". Nimewasikia fundi pikipiki na muuza chipsi wakivutana nusu saa nzima juu ya maneno hayo mawili. Kosa linaweza kuwa "clear" lisiwe "obvious"? Na kama refa ameangalia marudio mara tano, bado ni "obvious"? Sheria ya kuushika mpira nayo inauliza kama mchezaji ameufanya mwili wake kuwa mkubwa "unnaturally". Nitafutie darasa la kidato cha tatu linalojadili kielezi kimoja cha Kiingereza kwa nusu saa, kwa hamu, pasipo mtu kusinzia. Wanafunzi wa sheria hulipa ada ili wafundishwe kazi hiyohiyo: kuyabana maneno ya kanuni mpaka yaseme yanachomaanisha.

Na sarufi je? Waulize walimu ni somo gani la Kiingereza linalowatesa wanafunzi. Wengi watakutajia sentensi za masharti, hasa ile aina ya tatu inayozungumzia jambo lililopita ambalo halikutokea. Kitabuni huletwa kwa mifano isiyomhusu mtu yeyote: kama John angeliwahi, angelipata treni. John gani? Treni ya wapi? Sasa nenda kijiweni timu ikishafungwa. Mazungumzo yote, mwanzo hadi mwisho, ni aina ya tatu. "If he had passed, we would have scored." "He should have taken him off at half-time." Shabiki aliyefungwa ni mtu anayeishi ndani ya mambo ambayo hayakutokea. Na Kiswahili kilishamwandalia njia: angelitoa pasi, tungelifunga. Ile -ngeli- anaijua tangu utotoni. Mwalimu angeanzia hapo, kwenye jeraha la jana, kazi yake ingebaki kumvusha mwanafunzi, kwa sababu daraja lipo.

Badala yake shule imefanya nini? Mtoto wa shule ya msingi ya serikali, kwa kawaida, anafundishwa kwa Kiswahili miaka yote. Kisha anaingia kidato cha kwanza na asubuhi moja bayolojia, historia na jiografia vyote vimegeuka Kiingereza. Si siri kwamba mpango huu unawaacha wengi nje. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Na bado wakashauri Kiingereza kiendelee. Miaka 30 baadaye Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikaahidi kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Mpaka leo sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza.

Mimi ni wa upande wa Kiswahili katika mjadala huo, na sioni aibu kusema. Lakini hoja yangu leo ni nyingine. Hata wale wanaotaka kwa dhati watoto wetu wajue Kiingereza wamechagua njia ya kuwanyamazisha.

Njia hiyo ni fedheha. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni waliokamatwa wakizungumza Kikuyu shuleni walivyochapwa, au kuvishwa shingoni kibao chenye maneno ya kuwatukana. Mkoloni aliondoka. Kibao kilibaki, na kilivuka mipaka. Katika shule niliyosoma mimi kilikuwa kipande cha mbao chenye tundu na kamba. Aliyekamatwa akisema Kiswahili alikivaa mpaka naye amkamate mwingine. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: wakati wa mapumziko, uwanja wenye watoto mia kadhaa ulikuwa kimya kama msiba. Hatukujifunza Kiingereza pale. Tulijifunza kufunga midomo na kuviziana. Jioni, nje ya geti, lugha zote zilirudi, na Kiingereza nacho kilirudi: wavulana walitangaza mechi yao ya chandimu kwa sauti ya puani, "he shoots, he scores", na hakuna aliyekuwa amewaamuru.

Mtu aliyekulia hapo hukibeba kile kibao hata akiwa na shahada. Ndiyo maana mchezaji wetu akihojiwa kwa Kiingereza baada ya mechi na kukosea kitenzi kimoja, kipande cha video kinazunguka simu za nchi nzima kabla hajamaliza kuoga. Tunaomcheka wengi wetu tusingeweza kusimama mbele ya kamera ile kwa sekunde kumi. Tunacheka ili zamu yetu ya kuvaa kibao ichelewe.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda huko lugha hiyo inakotoka. José Mourinho alikuwa mkalimani wa kocha Mwingereza, Bobby Robson, mjini Lisbon mwaka 1992, na wapo waliokuja kumkebehi kwa neno hilohilo, mkalimani. Mwaka 2004, akiwa kocha wa Chelsea, baada ya sare ya bila kufungana na Tottenham, alilalamika kwamba wapinzani wameleta basi na kuliacha mbele ya goli. Alisema wazi kuwa huo ni msemo wa kwao Ureno. Angekuwa kidato cha pili kwetu, angeambiwa Kiingereza hakisemi hivyo. Leo kinasema hivyo. "Park the bus" ni Kiingereza halali, na sisi tumekwishaupokea: timu ndogo zikija kucheza na Simba au Yanga, zinapaki basi. Msemo umetoka Kireno, ukapita mdomoni mwa mgeni, ukafika Kiswahili, na hakuna lugha hata moja iliyokuwa maskini kwa kupitiwa nao.

Mauricio Pochettino naye alifika Southampton mwaka 2013 akizungumza na waandishi kupitia mkalimani. Baadaye, akiwa Tottenham, alikuwa akijibu mwenyewe. Angalia mpangilio wa mambo: aliruhusiwa kwanza kuwa mtu mzima mwenye akili na mawazo yake juu ya mpira, Kiingereza kikamfuata humo. Mtoto wa kidato cha kwanza hapewi ruhusa hiyo. Yeye lazima awe na Kiingereza kwanza ndipo aaminiwe kuwa ana akili.

Wala sisi si wageni wa jambo hili. Babu zetu walikutana na Kiingereza uwanjani na hawakukiogopa, walikitafuna. Young Africans ya mwaka 1935 waliifanya Yanga. Watani wao wa Kariakoo walibeba jina la Sunderland, klabu ya England, mpaka mwaka 1971 walipojiita Simba. Wakapata goli, refa, beki, kona, krosi na penalti. Na pale neno la kigeni lilipokosa ladha, waliliweka kando: aliyewazidi mabeki mbele ameotea, mpira ukipita katikati ya miguu ni tobo, ukipitishwa juu ya kichwa cha beki amevishwa kanzu, na boriti ya juu ya goli, kwa kuwa mjengaji nyumba alishaipa jina, ni mtambaa panya. Hayo yalifanywa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani na Mwingereza. Walikuwa na uhakika kwamba maneno ni mali yao, ya kuchukua, kukataa au kukata mkia. Uhakika huo ndio tuliokuja kupokonywa na kibao cha mbao.

Najua pingamizi la kwanza linalokuja: Kiingereza cha mpira ni finyu, huwezi kuandikia barua ya kazi. Ni kweli, huwezi, kama vile huwezi kujenga nyumba kwa msingi peke yake. Lakini hebu tuulizane, barua ya kazi inataka nini? Inataka mtu adai jambo, alitolee ushahidi, akubali upungufu na aonyeshe kwa nini bado anafaa. Kijana anayetetea kiungo wa timu yake kijiweni anafanya yote manne kabla chai haijapoa: ni bora, takwimu hizi hapa, ndiyo anapoteza mipira, lakini nani mwingine anakaba vile? Maneno rasmi anaweza kuongezewa. Ujasiri wa kujenga hoja ndio mgumu kuongeza, na anao tayari. Waingereza wenyewe wanalijua hili. British Council na Premier League wana mradi mzima, Premier Skills English, wa kufundisha lugha yao kwa msamiati na mijadala ya mpira. Wanaitangaza ligi yao, sawa, wala hawajaficha. Lakini kama hiki kingekuwa Kiingereza cha wahuni, wasingekiwekea majina yao.

Pingamizi la pili ni zito, na wanaosifia vibanda umiza hupenda kuliruka. Kibanda ni cha wanaume. Jumamosi jioni ile, msichana wa umri uleule yuko jikoni, au ameambiwa mahali pale si pa binti mwenye adabu; na akithubutu kuingia, macho yatamtoa kabla ya mapumziko. Basi kama darasa bora la Kiingereza katika kata yetu linapokea wavulana tu, hiyo ni dhuluma, na sina maneno matamu ya kuifunika. Lakini dawa yake si kulicheka darasa hilo. Ni kulihamishia mahali ambapo msichana yupo kwa haki, na mahali hapo ni shule. Wala asiambiwe kwamba anaingia kwenye mazungumzo ya wanaume. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake mwaka 2022. Aisha Masaka, binti wa Kitanzania, alisajiliwa na Brighton ya England mwaka 2024. Hayo nayo yana ubishi wake. Na binti asiyejali mpira kabisa ana ubishi wa netiboli, wa bongo fleva, wa tamthilia ya Kikorea ambayo mhusika mkuu ameolewa na mtu asiyestahili. Nilisema tangu mwanzo: mwalimu ni ubishi.

La tatu si pingamizi, ni onyo. Wakati sisi tunacheka, kuna mtu amelichukua somo hili na anatoza ada kubwa. Kijana aliyepata F ya Kiingereza anafungua simu na kusoma ukurasa mzima wa kamari: "both teams to score", "over 2.5", "draw no bet". Anaelewa kila neno, anajua tofauti ya "win" na "win or draw" kwa shilingi na senti, kwa sababu akikosea mkeka unachanika. Kampuni za kamari zimeelewa kile ambacho wakuza mitaala hawajakielewa: mtu hujifunza lugha haraka pale anapokuwa na kitu cha kupoteza. Kwao kitu hicho ni pesa ya chakula. Shule ingeweza kukifanya kiwe heshima ya kushinda hoja, na hapo anayeshindwa angelala ameshiba.

Siombi vibanda vigeuzwe shule. Vikianza kuitisha mahudhurio vitakufa wiki hiyohiyo. Naomba shule ijifunze kutoka kibandani, na wala haihitaji mradi wala vishikwambi. Jumatatu asubuhi, dakika kumi na tano: refa wa mechi ya jana alikuwa sahihi au hakuwa sahihi? Kwa Kiingereza, na anayekwama anaruhusiwa kuchomeka Kiswahili mpaka avuke. Mwalimu asisahihishe wakati wanabishana. Aandike pembeni sentensi zao, kisha azipeleke ubaoni na kufundishia sarufi humo. Siku nyingine wawili watangaze mechi ambayo wenzao wanaichezea nje ya dirisha. Siku nyingine darasa liandike barua ya rufaa kwa TFF kupinga kadi nyekundu: anuani, yahusu, madai, ushahidi, ombi, wako mtiifu. Akimaliza barua hiyo, barua ya kazi atakuwa ameshaiandika. Wapo watakaosema darasa lina wanafunzi themanini. Kibanda nacho kina watu wengi, na hakuna anayelala.

Yote hayo yatashindikana tukiendelea na ile kebehi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua vizuri ni nani atakayecheka. Hamwogopi Mwingereza, anatuogopa sisi, kaka zake na dada zake tuliotangulia, tuliovaa kibao tukakivua na sasa tunamtafuta wa kumvisha. Msomaji wa ukurasa huu una shahada au unaitafuta, na bila shaka una mdogo wako mahali fulani anayebisha mpira kwa lugha mbili zilizochanganyika. Akikwambia "he should have passed", usitabasamu. Muulize: "To who?" Usijali kama wenye sarufi wangependa useme "to whom". Msubiri ajibu, kisha mpinge.